Jiwe la Varanger

Haya watu wangu wa nyumbani, hamjambo? Leo nawaonyesha jiwe. Msinicheke, subirini kwanza. Niko Finnmark, kaskazini kabisa mwa Norwei, kando ya ghuba ya Varanger, mahali panaitwa Bigganjargga. Na huu upepo mnaousikia ni wa kiangazi. Kiangazi, jamani!

Tazameni hapa chini. Mwamba wa mchanga, laini kama sakafu iliyopigwa msasa. Mmeona mistari? Hii inaelekea kule, na hii nyingine inaikata. Ni mikwaruzo. Barafu nene iliyofunika nchi, ikisonga, huburuta mawe chini yake, na hayo mawe ndiyo yanayochora. Sasa pandeni juu kidogo: tabaka nene, mawe makubwa kwa madogo yamechanganyika ovyo ndani ya udongo uliogeuka mwamba. Mto ungeyachambua, mazito huku, mepesi kule. Barafu haina habari hiyo, inabwaga tu. Kugusa ruksa, nyundo marufuku; pamehifadhiwa kisheria.

Mjiolojia Hans Reusch alipaeleza mahali hapa mwaka 1891. Kinachoshangaza ni umri wake: karibu miaka milioni 600! Enzi hizo nchi kavu haikuwa hata na unyasi mmoja. Wapo wataalamu wanaobisha, wanasema mikwaruzo hii ni ya tope zito lililoporomoka, si barafu yenyewe. Mimi kwa macho yangu ya kawaida, mistari iliyonyooka namna hii, naona barafu.

Ile barafu ya juzijuzi, iliyokwisha miaka elfu kumi na kitu iliyopita, nayo imeacha yake. Ngoja nigeuze kamera. Mnaona kule kilimani, changarawe imejipanga ngazi kwa ngazi? Zote zilikuwa fukwe. Barafu iliikandamiza ardhi ikadidimia. Ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka, na mpaka leo haijamaliza. Ndiyo maana unakuta ufukwe huko juu, na bahari iko huku chini.

Sasa ndugu zangu wa Katanga, hili linawahusu. Kwenu kuna mwamba wa jamii hii hii, wanajiolojia wanauita Grand Conglomérat, nao ni wa barafu, tena ya zamani kuliko hii ya hapa. Barafu, Katanga! Mlioko Likasi na Kolwezi, mkiwa na mjiolojia hapo mgodini mbananisheni awaonyeshe, mpige picha mnitumie. Video ijayo tutayaweka mawe yote mawili pamoja.