Ukikosea, Itajulikana Lini? Mhadhara kwa Wanafunzi wa Takwimu

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliojaza ukumbi hadi viti vya nyuma, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie ajira na stadi. Mada hii kwa kawaida huja na orodha: benki, bima, hospitali, idara za takwimu za serikali, kampuni za teknolojia, vyuo. Orodha hiyo ni sahihi na mnaijua tayari. Shida yake ni kwamba haimsaidii mtu kuchagua. Mwanafunzi huisoma, akatazama panapolipa, akaishia kutuma wasifu uleule kila mahali. Mimi nawaletea swali jingine: ukikosea kazini, kosa lako litajulikana baada ya muda gani, na nani atakuwa ameumia kabla halijajulikana? Kwa maoni yangu hilo ndilo linalotenganisha kazi zetu, kuliko jina la mwajiri na kuliko programu mtakayotumia.

Zipangeni kazi zetu kwenye mstari mmoja, kutoka kosa linalojulikana upesi hadi linalochelewa. Tuanze na wanaojua mapema. Kampuni inayouza bidhaa kwenye intaneti ikitaka kubadili ukurasa wa malipo, huwagawa wateja kwa nasibu: nusu wanaona ukurasa wa zamani, nusu wanaona mpya. Wiki chache tu, jibu lipo mezani. Mtakwimu wa hapo hujifunza upesi kwa sababu ukweli humjibu upesi. Kishawishi chake ni kuchungulia. Matokeo yapo kwenye skrini kila asubuhi, na meneja anataka jaribio lisimamishwe siku ile namba zinapompendeza. Ukichungulia kila siku na kusimama pale thamani ya p, kipimo cha jinsi bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kama hiyo, inaposhuka chini ya 0.05, ile 5% uliyojiwekea ya kudanganywa na bahati haibaki 5%, inapanda mara kadhaa. Kwa hiyo stadi ya kwanza hapo ni kukokotoa ukubwa wa sampuli kabla ya kuanza, kisha kuwa na kifua cha kumwambia mkubwa wako, "Bado."

Stadi ya pili ni SQL, lugha ya kuchota data kutoka kwenye hifadhidata. Naitaja kwa jina kwa sababu kozi nyingi za takwimu huipitia juujuu. Darasani data huja kwenye faili moja safi. Kazini imelala kwenye majedwali mengi, na wewe ndiye wa kuyaunganisha. Unganisha jedwali la wateja na la anwani, kisha na la mauzo, bila kuangalia, na mteja mwenye anwani mbili ataonekana amenunua mara mbili. Mauzo yatapanda, mkutano utafurahi, na kompyuta haitatoa onyo lolote, kwa sababu kwa upande wake umeagiza na yeye ametii. Hesabu mistari kabla ya kuunganisha, na uihesabu tena baada ya kuunganisha. Ni tabia ndogo, na mimi humpima msailiwa kwayo kuliko kwa nadharia.

Sasa nendeni mwisho wa pili wa mstari, kwa watu wa takwimu bima. Anayekadiria leo michango ya mfuko wa pensheni anakisia watu wataishi miaka mingapi na riba itakuwaje miaka 30 au 40 ijayo. Akikosea, huenda kosa likaonekana yeye mwenyewe ameshastaafu. Itazameni Equitable Life ya Uingereza, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1762. Tangu miaka ya 1950 hadi 1988 iliuza mikataba yenye kiwango cha pensheni kilichohakikishwa. Riba zilipokuwa juu, ahadi ile ilionekana haina gharama yoyote. Riba zikashuka, watu wakaishi muda mrefu zaidi, ahadi ikageuka deni. Julai 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba ahadi lazima itimizwe, na Desemba mwaka huohuo kampuni ikafunga milango kwa wateja wapya. Ndiyo maana taaluma hii imejizungushia mitihani mirefu ambayo wengi huifanya kwa miaka kadhaa baada ya shahada, mchana ofisini, usiku vitabuni. Kama hupendi mitihani, jueni mapema. Kama unapenda kufikiria mambo ambayo hutayaona kwa macho, hakuna mahali pazuri zaidi.

Sensa na takwimu za taifa ziko karibu na mwisho huohuo. Sensa nyingi hufanyika kila baada ya miaka 10, na idadi ya watu ndiyo kigawanyo cha viwango karibu vyote vinavyotangazwa kati ya sensa mbili: vifo, ajira, uandikishaji shuleni. Kosa la mdadisi mmoja halionekani, lakini swali la hojaji lililoandikwa vibaya huishi muongo mzima. Huko sampuli, ramani za maeneo ya kuhesabia na lugha ya maswali vina uzito kuliko modeli zenye majina marefu. Mnaojidai mnaidharau kozi ya usanifu wa sampuli, nawaona.

Katikati ya mstari kuna majaribio ya kitabibu, na hapa niruhusuni nitulie kidogo. Mwaka 1948 Uingereza ilichapisha matokeo ya jaribio la streptomaisini kwa kifua kikuu. Wagonjwa walikuwa 107: 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko peke yake. Nani aende kundi lipi liliamuliwa kwa namba za nasibu zilizofungwa ndani ya bahasha, ili daktari asimchague mgonjwa anayemhurumia. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili. Hesabu ya kulinganisha namba hizo mnaiweza nyote. Kazi ilikuwa kwenye bahasha.

Mtakwimu wa jaribio lile, Austin Bradford Hill, alitaka kuwa daktari, kifua kikuu kikamkatiza, akachukua shahada ya uchumi kwa njia ya posta. Nawatajia hilo kwa ajili ya wale wanaodhani wameshachelewa kwa kuwa walianza kwenye fani nyingine.

Leo kanuni ni kali zaidi. Mpango wa uchambuzi huandikwa na kutiwa saini kabla mtu hajajua nani alipata dawa na nani hakupata. Unaandika mapema kipimo kikuu ni kipi, wagonjwa waliojitoa watahesabiwaje, jedwali gani litachapishwa. Kwa hiyo mtakwimu wa tiba hutumia muda mwingi kuandika sentensi kuliko kuandika milinganyo. Wanaoikimbia kozi ya uandishi wakidhani wamekimbilia hesabu, huku wataikuta inawasubiri.

Na kuna kazi ambazo ukweli hujibu kesho yake asubuhi. Usiku wa Januari 27, 1986, wahandisi waliotengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger walikuwa kwenye simu na NASA, shirika la anga la Marekani. Utabiri ulionyesha baridi ya karibu nyuzi 0 za Selsiasi, na wao walihofia pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi. Walikuwa na data. Zilijadiliwa safari zile ambazo pete zilionyesha kuungua, na kwa kuzitazama hizo peke yake, madhara yalionekana kwenye baridi na kwenye joto vilevile, hakuna mwelekeo. Tume ya uchunguzi baadaye ilirudisha kwenye mchoro safari ambazo hazikuwa na tatizo. Picha ikabadilika. Kati ya safari 20 zilizorushwa kiungo kikiwa na nyuzi 19 au zaidi, 3 tu zilionyesha madhara. Safari 4 zilizorushwa kwenye baridi zaidi ya hapo, zote 4 zilionyesha. Asubuhi ile chombo kilirushwa, na baada ya sekunde 73 wanaanga 7 walikuwa wamepotea.

Ukiitazama data ile leo, regresheni, ile hesabu ya mwaka wa pili ya kupima uhusiano kati ya vipimo viwili, inatosha. Lakini msidhani kilichokosekana usiku ule ni regresheni. Wahandisi walishauri chombo kisirushwe, wakashindwa kulionyesha hilo kwa watu waliochoka, waliobanwa na ratiba, waliotaka uthibitisho. Kwa hiyo nikiulizwa stadi gani zinalipa, najibu mbili: kuuliza ni data gani haipo mezani, na kuchora picha moja ambayo mtu asiye mtakwimu ataielewa kabla hajafika mlangoni. Jizoezeni ya pili kwa kumweleza ndugu yako asiyesoma takwimu matokeo ya mradi wako. Akikuuliza "kwa hiyo tufanye nini?" na huna jibu, rudi mezani.

Kuhusu zana, nitapita haraka. Lugha za kompyuta R na Python zote ni za bure, chagueni moja muijue hadi vidole vikumbuke, nyingine mtajifunza ikihitajika. Lahajedwali msiidharau, ila msiiamini. Mwaka 2010 wachumi wawili walichapisha makala iliyodai kwamba nchi zenye deni linalozidi 90% ya pato la taifa ukuaji wake hudorora, na wanasiasa wakaibeba. Mwaka 2013 mwanafunzi wa uzamivu, Thomas Herndon, alipewa kazi ya darasani ya kurudia makala ya mtu. Hesabu hazikumtoka. Alipopata faili lenyewe akakuta fomula ya wastani imeziacha nchi 5, mbali na maamuzi mengine ya uchambuzi aliyoyapinga. Wastani wa ukuaji wa nchi zenye deni hilo kubwa ukatoka -0.1% ukafika 2.2%. Kama unataka kitu cha kuweka kwenye wasifu wako, fanya kama Herndon: chukua makala yenye data wazi, irudie tangu mwanzo, andika ulichokuta. Kwangu hiyo inazidi vyeti vitano vya kozi za mtandaoni.

Na akili mnemba, najua mnaisubiri. Ndiyo, inaandika msimbo, na mara nyingi vizuri. Itakupa regresheni ya data ya Challenger kwa sekunde chache, na itaifanya kwenye safari zilezile utakazoipa. Zile ulizoziacha haizijui.

Nimeletewa kikaratasi: "Je, shahada ya kwanza inatosha?" Inategemea ulipo kwenye ule mstari. Kwenye majaribio ya kitabibu waajiri wengi huanza kwa kuuliza uzamili. Kwenye bima wanauliza umepita mitihani mingapi. Kwenye kampuni za intaneti wanakupa data chafu na saa chache, wanatazama utakachofanya. Na kwenye matangazo ya kazi msitafute neno "mtakwimu" peke yake. William Gosset, aliyetupatia jaribio la t, la kulinganisha wastani wa sampuli ndogo, mwaka 1908, alikuwa mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness, na jina lake halikuwa hata kwenye makala. Aliandika kama "Student". Tafuteni mchambuzi, mtathmini, mtu wa ufuatiliaji, mtu wa vihatarishi, kisha someni majukumu yaliyoandikwa chini yake.

Kuna mkono umeinuliwa pale nyuma. Karibu, dada.