Mwenyeji Asiwe Mwongozaji Daima: Mhadhara Kuhusu Safari za Siku Moja Ugenini

Ndugu wasikilizaji,

Mwanasaikolojia Stephen Bochner na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1977 kuhusu wanafunzi walio ng'ambo, walieleza kwamba mgeni huwa na marafiki wa makundi matatu, na kila kundi lina kazi yake: wa nchi yake humwezesha kuendelea kuishi utamaduni wake, wageni wa nchi nyingine huburudika naye, na wenyeji humsaidia kufanikisha masomo na shughuli zake. Mgawanyo huo unanisikitisha, kwa kuwa unamfanya mwenyeji awe mtu wa kutafutwa wakati wa shida tu. Tunamwomba atufafanulie mkataba wa nyumba au fomu ya kibali cha kuishi, kisha Jumamosi ikifika tunakwenda kutembea na wageni wenzetu.

Ninaamini kwamba safari ya siku moja, ya kuondoka asubuhi na kurudi jioni, inaweza kuubadilisha uhusiano huo. Kwanza ni suala la muda. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, alikadiria kwamba watu wanaofahamiana tu huhitaji takribani saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Tena saa za kufanya kazi pamoja hazikuwa na uzito sawa na saa za mapumziko. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa ofisi moja na mwenyeji mwaka mzima, wakasalimiana vizuri kila siku, na urafiki usisogee, ilhali safari moja huwapa saa nane au kumi mfululizo.

Muda peke yake, hata hivyo, hautoshi. Mwanasaikolojia Gordon Allport, alipoandika mwaka 1954 kuhusu namna chuki baina ya makundi inavyopungua, alitaja miongoni mwa masharti yake usawa wa hadhi, lengo la pamoja na ushirikiano. Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, maana mwenyeji hugeuzwa mwongozaji: yeye ndiye ajuaye ratiba, yeye ndiye akataye tiketi, yeye ndiye aelezaye kila jengo, na mgeni hufuata nyuma akishukuru. Ikifika jioni mmoja amechoka na mwingine anajiona mzigo, ingawa wote wawili walikuwa na nia njema. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika safari hizi jembe ni kupanga. Mgeni na achague mahali ambapo hata rafiki yake hajawahi kufika, jambo lisilo gumu, kwani watu wengi hawajatembelea vivutio vilivyo karibu na kwao; asome habari za mahali hapo mapema, ashike ramani, na ajue saa ya basi la mwisho.

Kuhusu lugha, napendekeza kutembea kwa miguu na kundi dogo. Watu wanaotembea sambamba hawalazimiki kutazamana wala kujaza kila ukimya, hivyo anayejifunza lugha hupata nafasi ya kulitafuta neno bila kuona haya; lakini akiwa peke yake kati ya wenyeji sita wanaotaniana, mazungumzo humpita kwa kasi, naye huishia kutabasamu tu.

Gharama zizungumzwe kabla ya kuondoka, na kila mmoja aseme wazi anachoweza kulipa. Mwaliko utolewe wiki moja au mbili kabla, kwa sababu mwenyeji ana familia na ndugu wanaozihitaji siku zake za mapumziko, jambo ambalo mgeni aliye mpweke hulisahau kwa urahisi. Mwenyeji akikataa mara ya kwanza, huenda ni ratiba iliyomzuia, kwa hiyo aulizwe tena kwa tarehe nyingine. Na safari ya kwanza ikiwa imepangwa na mwenyeji, mwaliko wa pili utoke kwa mgeni, tena utoke kabla mwenyeji hajapata sababu ya kudhani kwamba ni yeye tu aliyeutaka urafiki huo.