Kufomati Si Kufuta

Wanaonijua wanajua nikizungumzia kusafisha diski kabla ya kuiuza, nitaanzia kwenye diski 158. Vumilieni, leo kuna wageni.

Watafiti wawili wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walinunua diski ngumu 158 za mitumba. Zilizokuwa bado zinasomeka zilikuwa 129. Mwaka 2003 wakachapisha walichokuta humo: namba za kadi za mkopo zaidi ya 5,000, barua za watu, habari za wagonjwa. Diski moja ilionekana imetoka kwenye mashine ya kutolea pesa, na miamala ya mwaka mzima ilikuwa imekaa ndani, imetulia. Haya, zilizosafishwa sawasawa zilikuwa ngapi? Kumi na mbili! Na msiseme wenyewe walikuwa wazembe. Kuna diski zilizokuwa zimefomatiwa kabisa, na bado zikatapika mafaili. Mtu alibonyeza, akaona pako tupu, akauza na roho yake nyeupe.

Ukifuta faili, au ukifomati kwa ile njia ya haraka, kompyuta inachofanya ni kuandika kwamba nafasi hii sasa iko wazi. Yaliyomo hayajaguswa. Programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, wala haihangaiki na majina ya mafaili. Inapita sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kidogo cha diski, ikitafuta alama: picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF. Ikiziona, inakokota picha nzima. Mtoto wa sekondari anaweza kuiendesha.

Najua kuna mtu hapo nyuma anajisemea, "Mimi si benki, nani anihangaikie?" Hakuna anayekuhangaikia, bwana. Aliyeinunua diski yako hakujui hata jina, mpaka afungue nakala ya kitambulisho chako uliyoiskani, na nywila zote ulizoiambia kompyuta ikukumbushie.

Halafu wapo wa upande wa pili, wanaoandika data mpya juu ya ile ya zamani mara 35. Hizo 35 zilitoka kwenye makala ya mtaalamu wa usalama wa kompyuta, Peter Gutmann, ya mwaka 1996, naye mwenyewe baadaye akalalamika kwamba watu wamezigeuza kama uganga wa kupunga pepo. Kwa diski ngumu za siku hizi, andika sifuri tupu juu ya kila kitu mara moja, kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho, kisha uhakiki. Lala usingizi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi SSD, yaani diski zinazohifadhi data kwenye chipu, haraka haraka, ingawa ndizo mlizo nazo wengi. Huko kuandika juu hakutoshi: kidhibiti cha ndani kinahamishahamisha data na kina akiba ya nafasi usiyoifikia. Sumaku nayo haifui dafu, maana SSD haihifadhi kitu kwa usumaku. Tumia amri ya kufuta iliyomo ndani ya diski yenyewe, lakini mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego walikuta baadhi ya diski zinadai zimefuta na hazijafuta. Kwa hiyo simba diski kwa ufunguo tangu siku ya kwanza, yaani data igeuzwe fumbo lisilosomeka bila ufunguo huo. Siku ya kuachana nayo, unauharibu ufunguo.

Na kabla ya yote hayo nakili vitu vyako, ujaribu kuifungua hiyo nakala. Mambo ya nyundo na kutoboa kwa drili niulizeni kwenye maswali.