Jinsi ya Kupatana Bei ya Boti Mpya ya Faiba na Mashine Yake

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo tuko kwenye yadi ya boti hapa Dar es Salaam, na nyuma yangu mnaiona boti ya faiba ya mita saba na nusu, nyeupe, bado haijaonja maji. Lengo ni moja: utoke kwenye yadi kama hii na boti, mashine na karatasi zilizokamilika, kwa bei ambayo hutaijutia ukifika nyumbani. Nasema na mvuvi, na anayebeba abiria au watalii, na hata yule anayeinunulia familia.

Msimamo wangu nautoa mapema. Watu wengi wanapigania tarakimu ya mwisho, na hapo ndipo muuzaji ana nafasi ndogo kuliko kote. Nafasi kubwa iko kwenye kilichomo ndani ya hiyo tarakimu.

Hatua ya kwanza inafanyika nyumbani. Chukua daftari, andika: boti itabeba watu wangapi, mzigo kilo ngapi, barafu kiasi gani, itakwenda umbali gani, itapaki kwenye gati au itavutwa mchangani. Muuzaji atakuuliza, "Unataka boti ya kazi gani?" Ukianza kujiumauma, atakuuzia ile iliyokaa yadini muda mrefu. Ukimjibu kwa vipimo, anajua amepata mtu wa kazi na lugha inabadilika.

Hapo hapo tafuta fundi wako, na umlipe wewe mwenyewe. Fundi aliyekupeleka dukani "bure" mara nyingi ana cha juu chake kwa muuzaji, na hicho cha juu unakilipa wewe. Dada zangu mnaonunua boti, hili linawahusu zaidi: muuzaji atamgeukia fundi na kuongea naye kana kwamba wewe umesindikiza. Kubaliana na fundi kabla ya kuingia kwamba kazi yake ni kukagua, na maneno ya bei ni yako peke yako.

Kuhusu msimu, kama una uwezo wa kusubiri, nenda wakati kusi limeshika, kati ya Aprili na Septemba, bahari ya nje ikiwa chafu na wanunuzi wachache. Kaskazi ikikaribia kila mtu anataka boti juzi, na muuzaji hana sababu ya kukubembeleza.

Hatua ya pili: proforma. Omba proforma, yaani karatasi ya bei kabla ya mauzo, kwa wauzaji wasiopungua watatu, na ukatae ile inayosema "boti kamili" halafu namba moja chini. Unataka mistari. Bodi, yaani boti yenyewe bila mashine, peke yake. Mashine peke yake, ikiwa na modeli na nguvu. Tanki la mafuta na paipu yake. Usukani kama upo. Kufunga mashine. Maboya ya kuvaa, nanga na kamba. Usafirishaji hadi kwenye diko lako, pale boti zinapotia nanga. Kila mstari na bei yake. Muuzaji akisita kuitenganisha, ujue kuna mstari anaouficha, na mara nyingi ni kufunga mashine au usafirishaji.

Bei iwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kulipwa kwa dola kwa biashara ya ndani ya Tanzania, kwa hiyo hadithi ya "dola imepanda jana" isikusumbue. Cha kuangalia ni muda wa hiyo bei: proforma iseme inadumu siku ngapi. Na kama unanunua kwa ajili ya uvuvi, uliza kuhusu VAT kabla hujalipa. Jedwali la misamaha la Sheria ya VAT lina sehemu ya zana za uvuvi, na kodi hiyo kwenye mashine si hela ya soda. Muuzaji aoneshe kwenye proforma ametoza au hajatoza, halafu wewe uthibitishe TRA.

Hatua ya tatu, kagua bodi. Kila kasoro utakayoiona sasa ni hoja yako baadaye mezani. Kamera isogee hapa kidogo. Hili tundu chini kabisa upande wa nyuma, linalozibwa kwa kizibo, ni la kutolea maji. Tia kidole. Ukingo wa tundu unakuonesha unene halisi wa faiba, bila rangi wala maneno ya mtu. Ukikuta nyembamba hapo, uliza chini ya mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, ipoje. Sasa chukua sarafu, gonga ubavuni taratibu, kila baada ya shubiri moja. Sikia... mlio mkavu, mkavu, mkavu... hapa umebadilika, umekuwa mzito kama kuna uwazi ndani. Tabaka za faiba hazijashikana hapo. Weka alama kwa chaki, usiseme kitu, endelea.

Mulika tochi kwa ubavu, si kwa kuielekeza moja kwa moja, utaona mawimbi na vitundu vidogo kwenye ngozi ya nje. Vitundu viwili vitatu ni vya kuzibwa. Eneo zima likiwa na vitundu ni kazi ya haraka, na ngozi hiyo itaingiza maji. Halafu njoo ukuta wa nyuma unaobeba mashine. Uliza ndani yake kuna nini: mbao za kawaida, plaiwudi ya baharini, au kitu kingine kisichooza. Mashine inaning'inia hapo siku zote, na ukuta ukilainika boti imekwisha. Mwisho uliza kama chini ya sakafu kuna povu la kuielesha. Boti ya faiba ikijaa maji bila povu inazama na mashine yake.

Hatua ya nne, mashine. Hapa nataka tukae kidogo.

Wauzaji wengi watakuuliza farasi ngapi, na wewe utasema 15 au 40, na maongezi yataishia hapo. Swali ambalo wanaoliuliza ni wachache ni urefu wa shafti, ule mguu wa mashine unaoshuka majini. Kuna fupi ya inchi 15, ndefu ya inchi 20, na ndefu zaidi ya inchi 25. Ya kwako inategemea kimo cha ule ukuta wa nyuma, basi. Futi kamba hii hapa: naipima kuanzia juu ya ukuta, pale mashine inapokaa, kushuka wima hadi chini ya bodi. Sentimita 51. Hizo ni inchi 20, kwa hiyo shafti ndefu. Mashine ikishafungwa, lile bamba bapa lililo juu ya propela linatakiwa lilingane na chini ya bodi, au lishuke kidogo tu. Shafti fupi kwenye ukuta huu, propela itakula hewa kila wimbi likipita. Shafti ndefu mno, unaburuta chuma majini na kuchoma mafuta bure, na kwenye maji mafupi unagonga mwamba.

Kwa nini nalileta kwenye video ya bei? Kwa sababu shafti aliyonayo stoo ndiyo atakayotaka kukupa. Atasema, "Hii inaingia tu, tutaipandisha kidogo." Usikubali, hata akikupunguzia. Punguzo la namna hiyo utalirudisha kwenye petroli.

Tustroku au fostroku? Tustroku ni nyepesi, ya kabureta, na mafundi wake wako kila diko, ila unachanganya oili, na kitabu cha nyingi kinasema lita moja kwa lita 50 za petroli baada ya kuzoeshwa. Fostroku inakula mafuta kidogo na haitaki kuchanganyiwa, lakini ni nzito, na zile za umeme mwingi zinahitaji fundi mwenye kifaa cha kuisoma. Mimi nikiwa mbali na mji nachagua ile ambayo spea zake zinauzwa karibu na diko langu. Muulize muuzaji: "Plagi na impela, ile ya pampu ya maji ya kupoza, za hii mashine unazo sasa hivi?" Akisema zinaagizwa, hapo una hoja nyingine ya bei.

Hatua ya tano, maongezi yenyewe. Kosa la kwanza ni kuingia na "bei yako ya mwisho ngapi?" Swali hilo linampa ruhusa ya kukata kidogo na kufunga mlango. Tuseme proforma yake ni milioni 28. Sikiliza inavyokwenda:

"Bosi, bodi nimeiona, nimeipenda. Ila kuna sehemu mbili nimeweka chaki, tutazitazama wote. Kwanza nieleweshe, hii milioni 28 maboya yamo?"

"Maboya unanunua pembeni, kaka."

"Na kufunga mashine?"

"Hiyo laki tatu tu."

"Sawa. Nikiongeza maboya, nanga na hiyo laki tatu nimeshavuka milioni 29. Mwenzako kaniandikia 28 na nusu, vitu vyote ndani. Mimi napenda kununua kwako kwa sababu fundi wako yuko karibu na diko langu. Nisaidie tufanane."

Halafu nyamaza. Najua ni ngumu, sisi watu wa maneno, lakini nyamaza. Mwache apige kikokotoo chake. Mtu akijaza kimya kwa kusema "basi hata 28 sawa," ameshajipunguzia nguvu mwenyewe.

Na proforma ya mwenzake iwe ya kweli, iko mfukoni. Hawa watu wanafahamiana na wanapigiana simu; ukidanganya bei, atajua kabla chai haijapoa.

Kwenye mashine usitegemee makubwa. Inaagizwa kutoka nje, bei yake imefungwa kwa kiasi kikubwa na wakala. Bodi inayotengenezwa hapa hapa ina nafasi zaidi, na vifaa vina nafasi kubwa kuliko vyote, kwa sababu yeye anavinunua kwa jumla. Kwa hiyo akigoma kushusha, hamia huko: tanki la pili, propela ya akiba, seti ya plagi na impela, maboya ya kutosha watu wote, usafirishaji. Na kila ukitoa kitu, omba kitu. "Nikilipa nusu leo, unaniongezea nini?" Kama mko kikundi au BMU, ule umoja wa kusimamia uvuvi dikoni, na mnanunua boti mbili tatu, nendeni pamoja siku moja. Mkienda mmoja mmoja, kila mmoja anapewa bei yake.

Zile chaki mbili zilete mwishoni, mkiwa mmekaribiana. Mpeleke, gonga mbele yake, asikie mwenyewe. Hapo uchague: arekebishe kabla ya kukabidhi, iandikwe, au akupe bodi nyingine. Kasoro ya tabaka usiibadilishe na hela.

Hatua ya sita, waranti. Atasema, "Ina waranti, usijali." Muulize: ni ya mtu wa starehe au ya mtu wa kazi? Watengenezaji wengi wa mashine wanatoa muda mfupi zaidi ikitumika kibiashara, na uvuvi ni biashara. Ukiandikiwa ya starehe, siku ikiharibika utaambiwa haikuhusu. Waranti ya bodi iwe karatasi yake tofauti. Na sevisi ya kwanza, ile inayokuja mapema saa chache baada ya kuanza kazi, iwe bure pamoja na oili, na mseme nani anamfuata mwenzake: wewe unaleta mashine, au fundi anakuja dikoni?

Hatua ya saba, malipo. Kishika uchumba, yaani malipo ya awali, kisizidi theluthi, na kiandikwe kinarudi ikiwa boti haijatoka kwa tarehe mliyokubaliana. Fungu la pili bodi ikiwa imekamilika na wewe umeiona kwa macho. Fungu la mwisho, hata kama ni asilimia 15, usiliachie hadi boti iingie majini. Lipa kupitia benki kwa jina la kampuni, si kwa simu ya mtu.

Hatua ya nane, majaribio. Usijaribu boti tupu, tupu kila boti inaruka. Pakia watu, mafuta, na madumu ya maji badala ya barafu. Washa, tazama nyuma ya mashine: huu mchirizi mwembamba wa maji lazima utoke mfululizo. Usipouona, zima hapo hapo. Kwa kuwa mashine mpya haitaki kubanwa muda mrefu, kasi ya mwisho iguse mara moja kwa muda mfupi, kadiri kitabu kinavyoruhusu, na usome mizunguko kwa dakika. Ikishindwa kufika kiwango cha kitabu, propela ni nzito kwa mzigo wako. Kupunguza pitchi, yaani umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja, kwa inchi moja kunaongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi. Ndiyo maana kwenye proforma mnaandika mapema: "propela itabadilishwa bila malipo baada ya majaribio." Mstari huo mmoja wauzaji wengi hawaukatai mkiwa bado mnapatana, na wengi wanaukataa mkishamalizana.

Ikipita, linganisha namba ya mashine iliyopigwa kwenye kibao cha mabano yake na namba iliyo kwenye risiti ya EFD, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya bodi vilevile. Dai barua ya mtengenezaji wa bodi yenye vipimo, kwa sababu TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini Bara, wataitaka kwenye ukaguzi na usajili. Walio Zanzibar mnakwenda ZMA, wa Kenya ni KMA, hizo ndizo mamlaka za bahari za huko, na mvuvi bado ana leseni ya uvuvi ya kufuatilia. Karatasi zikiwa mkononi, mpe bosi fungu lake la mwisho.