Sosi ya siagi na kitunguu saumu ya kuchovyea, isiyojitenga

Habarini wapendwa wa huko nyumbani, karibuni jikoni. Leo ni ile sosi nzito kidogo, ya rangi ya maziwa, inayokuja na pizza au mkate mgahawani. Ukiyeyusha siagi tu na kutupia kitunguu saumu, huipati. Utapata mafuta ya njano yanayoelea juu na maji yamekaa chini. Siagi ni mafuta kama asilimia 80, inayobaki ni maji na chembe za maziwa, na kazi yetu ni kuvizuia visiachane.

Chukua gramu 100 za siagi isiyo na chumvi, ikiwa baridi kabisa, ukate vipande vidogo. Menya punje 4 za kitunguu saumu, ponda na robo kijiko cha chai cha chumvi hadi vilainike kabisa, kisha viache dakika 10. Usiruke hapo jamani! Ukali wa kitunguu saumu hutokea kikishapondwa, na kikiwahi motoni hauumbiki vizuri.

Sasa sufuria ndogo, moto mdogo kuliko wote. Weka kipande kimoja cha siagi pamoja na kitunguu saumu, koroga dakika moja hivi. Tazameni hapa: kinatoa vipovu vidogo pembeni, bado ni cheupe, na harufu imeshapoa ukali. Hapo inatosha. Kikigeuka kahawia, mwaga uanze upya, maana uchungu ule hauondolewi na chumvi wala limau.

Ongeza vijiko 2 vya chakula vya maji. Yakianza kutoa mvuke, tia siagi kipande kimoja kimoja huku unapiga kwa uma bila kupumzika. Kingine kiingie cha kwanza kikikaribia kuisha. Sosi itakuwa nzito, haionyeshi chini ya sufuria. Isichemke hata kidogo. Ikichemka, mafuta yanajitenga.

Imejitenga tayari? Usiitupe. Ipua, iache ipoe kidogo. Weka kijiko kimoja cha maji ya moto kwenye bakuli, mimina sosi yako kidogo kidogo huku unapiga kwa nguvu. Itarudi.

Malizia na kijiko cha chai cha maji ya limau na robo kijiko cha unga wa kitunguu saumu. Wengine wanaudharau huo unga, mimi naona ndio unaoleta ladha ya mgahawani. Onja chumvi mwisho.

Kula ikiwa vuguvugu, kwa sababu ikipoa inaganda. Itakayobaki iingie kwenye friji mara moja na isizidi siku 4. Kitunguu saumu ndani ya mafuta kikiachwa mezani kinaweza kuzalisha bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, na sumu hiyo huwezi kuinusa wala kuionja. Kuipasha sosi, weka bakuli juu ya maji ya moto na upige tena kwa uma.