Kibali cha Kigali Kinaanzia Kigoma

(Mhadhara kwa wahitimu wa vyuo na wafanyabiashara wadogo, uliotolewa Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, vijana: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na asiyekuwa upande wowote, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kibali cha ukaazi katika nchi ndogo, hasa Rwanda, maana hapa Mwanga hapakosi mtu anayefunga begi kwenda Kigali kufundisha, kushona, kuendesha magari au kujaribu duka. Mimi nilifundisha Kiswahili Kigali kwa miaka kadhaa. Kibali nilikuwa nacho, nikakihuisha, na sebule yangu ikawa kituo cha vijana wa Kigoma waliokwama. Mengi nitakayosema nimeyaona kwao.

Hoja yangu ni moja, na nitaizunguka kwa njia nyingi: kibali cha Kigali hakitengenezwi Kigali. Kazi kubwa inafanyika huku huku, kwenye ofisi mnazozijua, kabla hujakata tiketi ya basi.

Kwanza tuelewane kuhusu udogo wenyewe. Mkoa wetu wa Kigoma, ukihesabu na maji ya ziwa, una kilomita za mraba 45,000 na ushee. Rwanda nzima ni 26,338. Burundi, 27,834. Tabora peke yake, na kilomita zake 76,000, inazimeza zote mbili na nafasi inabaki. (Kicheko.) Sisemi kwa kejeli. Ukubwa wa nchi unabadilisha namna mgeni anavyoonekana. Huku kwetu mtu anatoka Kasulu anakwenda kulima Kaliua, anakaa huko mpaka anaoa, na hakuna aliyemuuliza katokea wapi. Kule kuna umudugudu, yaani ngazi ya chini kabisa ya utawala kama mtaa wetu, juu yake akagari, juu yake umurenge, kisha wilaya, na kiongozi wa umudugudu anajua nani amepanga kwa nani. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye atakayekwambia nenda ukajiandikishe. Halafu Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya jamii: asubuhi maduka yamefungwa, watu wako nje na majembe na mafagio. Mgeni anayebaki ndani anajulikana mtaa mzima kabla ya saa nne.

Kwa hiyo yule anayewaambia kwamba utaingia kwanza, mambo mengine yatajipa mbele ya safari, anawaambia habari za nchi nyingine.

Sasa nije kwenye miezi sita ya kukaa bila viza, maana ndiyo inayowaponza wengi. Novemba 2009 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walisaini Itifaki ya Soko la Pamoja, na ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ndiyo inayokuwezesha wewe Mtanzania kuingia Rwanda bila viza na kukaa hadi miezi sita. Vijana wengi kusoma kwao kunaishia hapo. Basi linapita Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Benaco, unafika Rusumo. Kituo kile ni cha pamoja: unavuka daraja la Kagera, na kwenye jengo la upande wa Rwanda unagongewa muhuri wa kutoka Tanzania na ule wa kuingia kwao, madirisha yanafuatana. Afisa anauliza, unakwenda kufanya nini? Kijana anajibu, kutembea. Anapewa miezi yake. Jumatatu yuko darasani na chaki mkononi.

Muhuri ule ni wa kutembea. Kanuni za Itifaki hiyohiyo zinasema ukipata mkataba wa kazi unaozidi siku 90, unatakiwa uombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba uliposainiwa. Mamlaka nayo imepewa siku 30 za kukutolea, kwa muda usiozidi miaka miwili mwanzoni, kisha unaomba kuongezewa. Kazi isiyozidi siku 90 ina pasi yake maalumu. Na Itifaki haikufungua kila kazi: kila nchi iliorodhesha aina za kazi ilizozifungua na tangu lini, na ajira za serikali kwa kawaida haziko humo. Kabla hujasaini chochote, mwulize mwajiri wako kazi yenyewe inaangukia wapi.

Turudi kwenye zile siku 15 za kazi. Hizo ni wiki tatu za kalenda. Ndani ya wiki tatu hizo, asiyejiandaa anaanza kupiga simu huku: shangazi nenda polisi ukanichukulie cheti cha tabia njema. Shangazi anakwenda, polisi wanataka alama za vidole. Vidole viko Kigali. Cheti cha kuzaliwa kiko kwa baba mdogo Uvinza, na baba mdogo yuko dagaani, simu haipatikani. Cheti cha chuo hakijachukuliwa kwa sababu ya deni la ada. Nimeyaona haya yakitokea kwa mtu mmoja kwa wiki moja, na alikuwa mwalimu mzuri kweli.

Karatasi zenyewe ni hizi: pasipoti yenye uhai wa kutosha, mkataba wa kazi, barua ya maombi, maelezo yako binafsi, vyeti vya elimu ambavyo nakala zake zimegongwa muhuri wa mwanasheria, cheti cha polisi kutoka nchi ulikokuwa unaishi kabla ya kwenda, na picha. Maombi yanapita kwenye Irembo, mfumo wa mtandao wa serikali yao, ambao hata mwenye simu anaufikia. Rwanda ilishafuta ada ya kibali cha kazi kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo anayekudai mamia ya dola akuchukulie kibali, mwambie akuonyeshe ni ada ya nini. Na tofauti na kwetu, ambako mgeni anashughulikia kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi Uhamiaji, kule mlango ni mmoja, ni Uhamiaji tu.

Hapo kwenye karatasi nataka nikae, maana ndipo watu wa Kigoma tunapochelewa kuliko wa Moshi au Mbeya.

Chukua kijana wa Ujiji. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, majina mawili. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, la tatu ni la babu. NIDA wameandika Khamis, kwa kh, kwa sababu siku ya kuandikishwa aliyeandika alisikia hivyo na mwenyewe hakusoma fomu kabla ya kusaini. Pasipoti ikafuata NIDA, maana siku hizi pasipoti huombi bila namba ya NIDA. Huku mtaani huyo ni mtu mmoja, tunamjua, mama yake anauza migebuka pale mwaloni. Kwenye kioo cha kompyuta kule ni watu watatu, na hakuna afisa atakayewaunganisha kwa kumhurumia. Ombi linarudi limeandikwa maneno machache: majina hayalingani.

Dawa ipo na inapatikana hapahapa mjini. Tofauti ndogo ya herufi, hati ya kiapo mbele ya wakili mara nyingi inatosha. Jina lililoongezeka au kubadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kosa la NIDA linarekebishwa NIDA, na linachukua muda, ndiyo maana nasema lifanyike kabla ya pasipoti. Ukikata pasipoti kwa jina bovu umelipa shilingi 150,000 kulihifadhi kosa kwa miaka kumi. (Kicheko.) Mnacheka, lakini naona wawili watatu hamcheki.

Kuna jambo la pili la Kigoma ambalo hatulisemi hadharani, nalo ni asili. Kiha, lugha yetu ya Kigoma, na Kirundi na Kinyarwanda ni ndugu. Muha akishuka stendi ya Nyabugogo, Kigali, anasikia mazungumzo ya watu kabla hajanunua maji ya kunywa. Ni faida kubwa, nyumba utapata upesi na sokoni hutaibiwa. Ila udugu huohuo unatufuata kwenye ofisi zetu wenyewe. Ofisi moja, siitaji, ilimrudisha binti wa Buhigwe mara tatu kwa ajili ya jina la babu yake tu: lete mwenyekiti, lete mzee wa kijiji, lete kadi ya kliniki ya mama yako. Nami nasema wazi kuwa si haki kumhoji mtu uraia kwa mlio wa jina. Lakini basi la Rusumo halisubiri haki ipatikane, kwa hiyo jiandae: barua ya serikali ya kijiji au mtaa, vyeti vya kuzaliwa vya wazazi au kiapo chao, kadi ya ubatizo, vyeti vya shule ya msingi. Viweke kwenye bahasha moja, na nakala ziwe kwa mtu mwingine.

Na wale ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi mwaka 1972 wakawekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo: mnafahamu kwamba zaidi ya watu 160,000 walipewa uraia wa Tanzania, na hilo lilikamilika mwaka 2014. Kama baba yako yumo, hati yake ya uraia ndiyo mzizi wa karatasi zako zote. Isiliwe na mchwa juu ya kabati.

Wapo wanaonisikia hapa ambao macho yao yako mbali zaidi. Mmoja kaniuliza mlangoni habari za Luxembourg. Nayo ni nchi ndogo, kilomita za mraba 2,586, haifiki hata nusu ya wilaya zetu kubwa, na karibu nusu ya wakazi wake ni wageni. Tofauti na Rwanda ni kwamba kule hatuna Jumuiya inayotubeba. Mtanzania hasafiri halafu ndipo aombe. Anaomba idhini ya kukaa akiwa bado huku, akiipata anaomba viza ya muda mrefu, ndipo anapanda ndege. Akifika ana siku tatu za kazi kujiandikisha kwenye manispaa anayoishi, anapimwa afya pamoja na kifua kikuu, na ndani ya miezi mitatu anaomba kadi ya ukaazi yenyewe, kwa euro 80. Kadi ya kwanza ya mwajiriwa kwa kawaida haizidi mwaka na inakufunga kwenye taaluma moja. Karatasi isiyo ya Kifaransa, Kijerumani au Kiingereza inatafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Mnaona? Orodha ya karatasi inafanana na ile ya Kigali. Cheti cha polisi, elimu, mkataba. Kinachobadilika ni kwamba kule usipojiandaa nyumbani hata uwanja wa ndege huuoni.

Familia nitaigusa kwa kifupi. Itifaki inamruhusu mwenye kibali cha kazi amwombee kibali mwenzi wake na watoto. Utatakiwa kuonyesha cheti cha ndoa, si picha za harusi. Waliofunga nikahi Ujiji na karatasi ikabaki kwa shehe, fuatilieni cheti cha serikali. Na kaka zangu wenye wake wawili, katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya mke mmoja. Msiniulize mtamchukua yupi, hilo mtalimaliza nyumbani. (Kicheko kirefu.)

Naona mikono, nichukue maswali.

Mama ameuliza kama anaweza kwenda na hati ya dharura badala ya pasipoti, maana yeye anapeleka mawese tu na kurudi. Mama, kwa kuvuka na kurudi hati hiyo inakutosha. Kwa kibali cha ukaazi wanataka pasipoti. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavukiane kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014, lakini sisi hatukuingia, kwa hiyo kadi yako ya NIDA pale Rusumo isikudanganye.

Kijana ameuliza kuhusu mtoto mchanga kusafiri kwa pasipoti ya mama. Hapana, mtoto anakuwa na yake, na yake inaanzia kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Mtoto mchanga hana vidole vya kuchelewesha, ana baba wa kuchelewesha: wanaweza kutaka ridhaa ya mzazi wa pili kwa maandishi, mtafute kabla hajasafiri.

Na fundi aliyekaa dirishani ameuliza, akiacha kazi ya kwanza Kigali akapata yenye mshahara mzuri zaidi, kibali kinahama naye? Hakihami, ndugu yangu. Kimetolewa kwa kazi ile na mwajiri yule. Unapata mkataba mpya, unaomba upya, na huanzi kazi mpya mpaka ujibiwe, hata kama tajiri mpya anakuita Jumatatu. Barua ya kuachishwa au kuacha kazi uidai kwa mwajiri wa kwanza mapema, wakati bado anakuhitaji umkabidhi funguo za karakana.