Hiyo Kamisheni Ni ya Nani? Ada za Wakala katika Thamani ya Gari Forodhani

Ndugu mawakala na waagizaji, tuanze na ankara moja. Gari la petroli la cc 1,500 limenunuliwa mnadani Japani. Bei ya mnada dola 4,000, ada ya mnada 100, usafiri hadi bandari ya Yokohama 150, kamisheni 300, nauli ya meli hadi Dar es Salaam 1,200, bima 50. Jumla 5,800. Shughuli yetu leo ni hizo 300: je, ziingie katika thamani inayotozwa ushuru?

Kifungu cha 122 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, pamoja na Jedwali la Nne, kinafuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani. Msingi wa thamani ya forodha ni bei iliyolipwa au inayopaswa kulipwa. Kamisheni na udalali uliolipwa na mnunuzi huongezwa juu yake, isipokuwa kamisheni ya ununuzi, yaani malipo ya mwagizaji kwa wakala wake mwenyewe anayemwakilisha ng'ambo katika kununua.

Hapo ndipo wengi huteleza. Usione neno "kamisheni" kwenye ankara ukaishia hapo. Unauliza mtu huyo anamtumikia nani. Minada mikubwa ya magari Japani inaruhusu wanachama tu, kwa hiyo mara nyingi msafirishaji, yaani kampuni ya Japani inayouza magari nje, hununua kwa jina lake, kwa fedha zake, kisha anakuuzia wewe. Huyo ni muuzaji. Anachokiita kamisheni ni faida yake, nayo ni sehemu ya bei hata akiiandika mstari wa peke yake. Dalali anayekula huku na huku naye malipo yake yanaingia.

Zikihesabiwa hizo 300, kwa Tanzania hesabu huenda hivi: ushuru wa forodha asilimia 25 ni dola 75. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 unakokotolewa juu ya 375, unapata 18.75. VAT asilimia 18 juu ya 393.75 ni 70.88. Dola 164.63 zimekwenda kwa kamisheni ya 300, kabla ya tozo nyingine. Kishawishi cha kuziondoa ni kikubwa, lakini tamko la uongo ni kosa, na gharama yake si ndogo.

Ukitaka ziondolewe kihalali, andaa nyaraka kabla gari halijapakiwa: mkataba wa uwakala uliosainiwa kabla ya ununuzi, ankara ya mnada inayoonyesha bei halisi ya muuzaji, ankara ya wakala iliyo peke yake, na uthibitisho wa benki kwamba kila malipo yalikwenda panapostahili. Kinachoangusha maombi mengi ni ankara ya mnada kukosekana, kwa kuwa msafirishaji hataki mteja aione. Akikataa kuitoa, amekwisha jibu swali letu: anauza.

Ada ya mnada nayo? Ihesabu ndani. Bila kuilipa hukabidhiwi gari, kwa hiyo ni sharti la ununuzi. Usafiri hadi Yokohama pia umo, maana Afrika Mashariki inathamini kwa CIF, yaani bei pamoja na bima na nauli. Ankara ikiwa ya C&F (bei na nauli bila bima), ongeza bima. Ada ya wakala wa forodha wa Dar es Salaam na usafiri wa ndani baada ya gari kushuka havimo, mradi vitenganishwe.

Kwa magari yaliyotumika kuna jambo jingine. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ina mfumo wake wa thamani za magari hayo. Kenya, mamlaka yao ya mapato (KRA) huanzia bei ya rejareja ya gari jipya, kisha hupunguza uchakavu kwa umri. Ankara ikikataliwa na thamani ikatoka kwenye mfumo, mabishano ya kamisheni hayana pa kushika. Ndiyo maana hoja hii huzaa matunda zaidi kwa magari mapya.

Afisa akitia shaka bei yako, mpe ushahidi, kisha omba kwa maandishi aeleze thamani ilivyofikiwa. Ni haki yako chini ya kifungu hichohicho cha 122. Usiporidhika, kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kujibu. Hesabu zianze tarehe ya uamuzi, si siku ulipokwenda kuchukua gari.